Pipa la Mrututu

Chuoni nilitumia mwaka mzima kuchunguza namna hamira inavyojipatia shaba. Kila chembe ya hamira ina vijilango vya kuingizia madini hayo. Shaba ikiadimika, kuna protini inayoishika jeni ya vijilango na kuiwasha, navyo vinajengwa kwa wingi. Shaba ikizidi, protini ile inabanduka, jeni inazimika, na vijilango vilivyopo vinavutwa ndani na kuvunjwa. Nilipenda habari hii kwa sababu haikunitaka niamini chochote. Unapima, unaona.

Nikarudi Kibondo nikamkuta shangazi anaandaa pombe ya ndizi. Jumamosi tulitakiwa kuipeleka Kasulu, kwa wazazi wa binti anayeposwa na mwanawe. Bila pombe hakuna mazungumzo, na mazungumzo hayo yalikuwa yameshaahirishwa mara mbili na upande wetu. Ndizi ziliiva shimoni, tukazikamua kwa nyasi, tukachanganya juisi na unga wa mtama uliokaangwa. Pipa tuliazima kwa jirani. Mimi ndiye niliyelisuuza.

Siku ya pili hapakuwa na povu wala ule mchemko mdogo unaosikika ukiinamisha sikio. Shangazi akalifunika pipa kwa blanketi. Siku ya tatu akamimina pakiti nzima ya hamira ya dukani. Kimya.

“Si wewe umezisoma hizi hamira?” akaniambia. “Ziamshe basi, msomi.”

Mwanawe akasema labda zinasubiri kusalimiwa kwa Kiingereza.

Nikachungulia. Kwenye mshono wa pipa, juu kidogo ya juisi, palikuwa na ukoko wa buluu. Nikaenda kwa jirani. Akasema bila wasiwasi kwamba msimu uliopita alichanganyia humo mrututu, ile dawa ya shaba ya kunyunyizia kahawa. Alidhani tunataka pipa la maji ya kufulia. Mimi ninayehoji kila kitu, hata mahubiri, sikuwa nimeuliza pipa lilifanya kazi gani.

Nikamweleza shangazi kwamba hata hamira ikifunga vijilango vyote, shaba ikizidi mno inaiua. Na hata kama ingepona, shaba ingebaki mle mle kwenye pombe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Una hakika?”

Pale nyumbani hapakuwa na kipimo chochote, na nilikuwa nimefundishwa nisiseme ndiyo bila kupima. Nikasema sijapima.

“Kule mimi ndiye nitakayeonja kwanza, mbele ya macho yao,” akasema. “Afadhali nionje hapa.” Akateka kikombe, akanywa nusu kabla sijamfikia.

Haukupita muda mrefu akawa ameshikilia mti wa uzio, anatapika. Mwanawe akakimbilia barabarani kutafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali. Mimi nilimshika mabega. Alipopata pumzi akanipa simu, akaniambia niwapigie Kasulu, niseme pombe imekataa.

Alipokea mjomba wa binti, nikamwambia hivyo. “Pombe ndiyo imekataa, au ni ninyi?”

Nikaanza kumweleza habari za mrututu. Akanikatiza kwa upole.

“Kijana, sijakuuliza habari za pipa. Nimeuliza mnakuja au hamji.”

Nikamgeukia shangazi anijibie. Alikuwa ameinama tena, anatapika.