Kurasa Mbili za Torati Nilizoziharibu Nizwa

Siku yangu ya mwanzo kazini, mjini Nizwa, Oman, sikupewa kitabu hata kimoja kukigusa. Mudiri, yaani mkuu wa karakana yetu, alinikalisha mbele ya jiko la umeme nikoroge wanga wa ngano mpaka ugeuke gundi laini. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza makhtutat, vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, vilivyoliwa na mchwa au kuozeshwa na maji.

"Bi Salma," aliniambia, "kabla hujalowesha ukurasa, jaribu wino kwa tone moja la maji. Kila wino, sikwambii baadhi yake."

Nikashika neno lake miaka mingi. Nilihamishiwa Ibra, nikafundishwa kushona migongo ya vitabu na Mkuu wa Kitengo, bwana mkali aliyefumua uzi wote akiona mshono mmoja umekwenda kombo. Nikapelekwa Sur, ambako unyevu wa bahari ulinifunza kupigana na ukungu. Niliporudi Nizwa nilikuwa msimamizi, na vijana wa karakana wakiniamkia shikamoo.

Ndipo akaja Profesa Yahya. Alikuwa Myahudi, mkaazi wa Uingereza, wazee wake watu wa Yemen, na Kiarabu chake alikipata kwa bibi yake. Alikuja kwenye semina. Kitabu chake cha Torati, cha kupigwa chapa, kilifumuka mgongo safarini, na kurasa mbili zilimwagikiwa kahawa. Pembezoni mlijaa maelezo ya marehemu baba yake, kwa kalamu ya wino: lugha ni Kiarabu, herufi ni za Kiebrania.

"Nakisoma kila siku," alisema. "Nikikosa nahisi njaa, wallahi."

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka. Akanieleza kuwa wana wa Israili walikwenda siku tatu jangwani bila ya maji, na wanazuoni wao wakafahamu kuwa maji hayo ni Torati. Ndiyo maana katika sinagogi husomwa Jumamosi, Jumatatu na Alkhamisi, watu wasipitishe siku tatu na kiu ya roho.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Nilimwahidi kitabu chake kesho yake asubuhi.

Nikajaribu wino pembeni mwa ukurasa, ukastahamili. Sikutambua kuwa baba yake alitumia wino wa namna mbili, zote mbili nyeusi. Nikazilaza kurasa majini kutoa doa. Nilipogeuka kuchukua karatasi za kunyonyea na kurudi, maji yamekuwa zambarau. Chapa ilikuwa salama. Maelezo mengi ya baba yake hayapo.

Mwenzangu mmoja akaninong'oneza, "Mwambie kahawa ndiyo iliyoyala. Nani atajua?"

Nilikwenda kwa Mudiri wa wakati huo, kijana wa umri wa mwanangu. Akasikiliza, akavaa kofia yake. "Bi Salma, tumwambie sasa hivi. Nitakaa pamoja nawe."

Profesa alizitazama zile kurasa, akatoka nje. Tulimsikia akitembea huku na huku. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu.

"Khati ya baba imekwenda," alisema. "Hiyo siwezi kuirudisha, na sitakwambia hainiumi."

"Nisamehe, Profesa. Kosa ni langu, si la mtu mwengine."

"Nipe karatasi, ya ukhti, dada yangu."

Akaandika upya maelezo yaliyopotea, huku akiyasoma kwa sauti ya mahadhi aliyofunzwa utotoni. Kwa kuwa lugha ilikuwa Kiarabu, nilifahamu. Mstari mmoja wa Torati ulikuwa ule usemao mtu haishi kwa mkate pekee. Pembeni yake baba aliandika: "Leo Yahya ameufahamu bila ya kusaidiwa." Hapo nililia.

"Vipi umeyakumbuka yote haya?" nilimuuliza.

"Tulisoma pamoja kila asubuhi kabla ya kufungua kinywa. Kwetu husemwa kwamba elimu ukiifahamu huingia ndani yako kama chakula, ikawa ndiyo wewe. Sahani umeivunja, Bi Salma. Chakula nimekwisha kula."

Maelezo mawili hakuyakumbuka. Aliacha nafasi zake tupu. Nilizishona karatasi zake mpya nyuma ya zile kurasa, na Jumatatu asubuhi alikaa karakanani kwetu akasoma. Alipoondoka aliniombea dua.

Niliandika kosa langu katika ripoti, na tangu hapo kila mwanafunzi niliyemfunza niliianza siku yake ya mwanzo kwa kisa hiki. Haya nakwambieni nyie mnaoingia kazini sasa.

Nimestaafu, naishi Ibra. Zamani nikisoma Kurani nikihesabu juzuu nilizomaliza. Kisomo changu kilikuwa cha mbio. Siku hizi nakaa na mjukuu wangu Ghaya, mwanafunzi wa chuo, tukachukua aya moja, tukaitafutia maana kwa Kiarabu na Kiswahili chake cha kuungaunga.

Juzi alichoka. "Bibi, aya hii tuko nayo siku ya nne. Tutamaliza lini?"

"Kwani tuna haraka ya kwenda wapi, mwanangu?"

Alivuta kiti karibu, akanambia, "Haya, basi. Tuanze tena pale juu."