Nyungunyungu wa Shamba la Kasiana

Kasiana alikuwa Mmatengo aliyeolewa kijiji cha Mshangano, akaja na kilimo chao cha ngolo. Kila Machi nyasi zilizofyekwa alizipanga miraba, akazifukia kwa udongo aliouchimba katikati ya kila mraba, hata shamba likawa mashimo na matuta. Majirani walicheka mpaka walipoona mahindi yake.

Enzi hizo bwana shamba alipita kwa baiskeli na alijua shamba la kila mtu. Likaja soko huria. Bwana shamba akapotea, dawa zikahamia dukani, katikati ya sabuni na betri, zikiuzwa na mtu asiyewahi kushika jembe. Huko ndiko Isidori, mdogo wa marehemu mumewe Kasiana, alikonunua dawa ya ukungu, unga wa kibuluu, alipoachiwa nusu ya chini ya shamba apande nyanya. Misimu mitatu alipuliza kila wiki, kisha akasuuza bomba na kumwaga masazo kwenye mashimo ya ngolo. Aliona ni busara: shimo linakunywa, dawa haipotei.

Msimu wa nne alitaka nusu ya juu, ile iliyomlisha Kasiana.

"Shemeji, kule chini ardhi imezeeka."

"Imezeeka kuliko mimi? Chukua jembe."

Kasiana alimwamuru apasue tuta la juu. Udongo ulimeguka mweusi, nyasi za mwaka jana zimekwisha kuoza, nyungunyungu wakijikunja. Wakashuka chini. Huko nyasi za mwaka uleule zilitoka nzima, kama zilizofukiwa juzi. Nyungunyungu hakuwepo hata mmoja.

"Wamehamia kwako," Isidori akasema. "Wanapenda wajane."

"Hawakuhama, umewaua kwa dawa uliyomwaga. Nyasi hizi nani azile sasa, wewe?"

"Muuza duka alisema inaua ukungu tu."

"Yeye amelima wapi?"

Isidori alizigeuzageuza zile nyasi mkononi.

"Juu hupati," Kasiana akasema. "Chini utapanda maharage, bila dawa, na kila mwaka tutafukia nyasi na samadi."

"Mpaka lini, shemeji?"

"Utakuwa unachimba na kuangalia. Wakirudi, utawaona."

Kwa Wamatengo kufyeka ni kazi ya mwanamume, kufukia ni ya mwanamke. Machi ile Isidori alitangulia na fyekeo, Kasiana akafuata na jembe, bila haraka, kama mtu anayejua udongo utamsikiliza.