Maji kwenye diski ya moto

Naandika hapa kwenye ubao wa gereji ili nisiulizwe mara kumi: hapana, Jumapili sishindani.

Asubuhi nilikuwa kwenye mazoezi ya mbio za magari, mtaani Kiyovu. Mzunguko wa nne, mteremkoni, nikakanyaga breki.

Pedali ikazama mpaka chini.

Nikashusha gia, nikaukosa ukuta wa nyumba ya balozi kwa upana wa kidole.

Na hapo kulikuwa hakujaharibika kitu! Breki zimechemka tu. Unazunguka polepole mpaka zipoe, basi.

Lakini mimi nikasimama alipokuwa mjomba. Mnamjua, ameendesha lori maisha yake yote. Kwao malori yakishuka mlima, magurudumu humwagiwa maji.

Sijafungua mlango, kashafika na ndoo.

"Mjomba, acha!"

"Tulia, mwanangu. Kazi hii nimeianza hujazaliwa."

Akamwaga.

Ta! Diski ya breki ikapasuka mpaka ukingoni.

Nyingine iko Kampala, na barabara ya mpakani Gatuna imefungwa tangu vita vianze.

Chaki iko hapo chini. Mwenye diski aandike, ingawa najua hayupo.

Mjomba akainama, akaigusa diski.

"Si unaona? Imepoa."

Imepoa, mjomba. Haitapata moto tena.