Nyongeza ya Mama Njeri

Juzi nilimwona mama mmoja akikata mboga ya sukuma kwenye kibanda Dagoretti Corner, nikakumbuka harufu ya mikono ya mamangu. Alasiri moja nikiwa mtoto, kwenye kibanda chake cha mboga kule Woodley, alikuwa ameshamkatia Mama Njeri, kastama wake wa kila siku, sukuma nyembamba jinsi alivyopenda, na majani ya dania ya kunukia ya nyongeza juu. Mama Njeri akapita na mfuko wa supamaketi, majani ya sukuma yakichungulia. Nikadhani amesahau.

"Mama Njeri, sukuma yako iko tayari!"

Mamangu akaniziba mdomo kwa kiganja kilicholowa maji ya sukuma.

"Salimia watoto, kastama wangu," akamwambia. Mama Njeri akaharakisha, macho chini.

Jioni tulikula sukuma ile, pamoja na nyongeza. Kesho yake mamangu akakata nyingine, nyembamba vilevile.