Jasho la Kupaka

Siku hizi harufu ya chai iliyochemka sana inanitia kichefuchefu. Ilianzia kwenye karakana moja ya mtaa wa Sanyuanli, huku Guangzhou, China, mahali ambapo fulana mpya huzeeshwa. Wanachemsha majani mpaka maji yawe meusi, wanachovya brashi, wanapaka makwapani. Ikikauka utaapa ni jasho la mtu aliyepasua magogo kiangazi kizima.

Aliyeagiza ni bosi wangu, mama mfanyabiashara wa Mwanza. Wateja wake nyumbani hawataki nguo mpya ya China; wanataka mtumba wa Marekani. Basi alichomoa fulana nne za mtumba halisi kwenye belo moja, akaja nazo Guangzhou ziwe sampuli. Mimi, mhitimu wa chuo cha hukohuko nisiye na ajira ya kudumu, nilipaswa kukagua Kiingereza kabla nakala zake hazijachapwa. Naye angenipa barua ya kampuni yake. Bila barua hiyo kibali changu cha kukaa kisingeongezwa.

Zote nne zilitoka mji mmoja mdogo. Mimi nikisoma kitu hakiniachi, kwa hiyo niliujenga mji wote kichwani. Fulana ya kwanza ilikuwa ya kiwanda cha mbao. Ya pili, ya zimamoto wa kujitolea. Ya tatu ilitengenezwa kuwaaga wafanyakazi wa kiwanda kilekile, maana kilikuwa kinafungwa. Ya nne ilikuwa na uso wa mtoto wa kike asiye na nywele, anacheka, na maneno kwamba kila atakayeinunua atasaidia matibabu yake. Karibu na shingo palikuwa na doa la mchuzi. Ajira zimekwenda, nikawaza, wamebaki kuuziana huruma. Na sisi tunataka kuighushi hata hiyo.

"Mama, hii ya mtoto tuiache."

"Tuiache vipi? Ndiyo nzuri, ina picha."

"Ni mgonjwa, Mama. Pengine alishakufa."

"Mwanangu, usomi umekuzidi. Nani sokoni atamjua?" Akamgeukia laoban, mwenye karakana. "Laoban, hii nyingi nyingi! Kwapa chafu, eeh?"

Laoban akacheka, akainua dole gumba. Pembeni fundi alikuwa anapuliza kwapa la fulana nyingine likauke upesi.

"Basi Kiingereza chake sikikagui."

"Na mimi barua sisaini. Haya, kale hicho Kiingereza."

Nikaitia fulana ya mtoto begini, nikatoka. Kwenye metro nilijiona shujaa kwa kituo kimoja, halafu mjinga kwa vituo vyote vilivyobaki. Chumbani niliifua kwenye beseni, sijui kwa nini. Doa la mchuzi liligoma kutoka. Mtu alikula akiwa ameivaa, labda siku hiyohiyo ya kumchangia, labda alicheka na mama wa mtoto.

Kesho yake laoban alinitumia picha kwenye simu: meza imejaa uso uleule, kicheko kilekile. Kumbe alishaipiga picha sampuli kabla sijaichukua. Na kwa kuwa mafundi wake hunakili sampuli kama ilivyo, doa la mchuzi nalo lilikuwa limechapwa kwenye kila fulana, palepale karibu na shingo. Alikuwa anauliza kama herufi ziko sawa.

Nikamwandikia neno ambalo sote hulitumia sokoni kukataa bidhaa: bu yao.

Jibu likaja papo hapo. "Bosi wako amesema sawa. Doa amelipenda sana."