Upindo wa Sketi

Tulipoachana mimi na mume wangu, familia mbili zilikaa kikao sebuleni kwao, hapa Kolwezi, na binti yetu akabaki upande wa baba. Mahari ilikuwa imeshalipwa yote, kwa hiyo mtoto ni wa ukoo wao. Hilo halikujadiliwa hata kidogo. Kilichojadiliwa ni nani atamlisha. Baba yake alikuwa amekwenda kuchimba kobalti upande wa Nzilo, huko akapata mwanamke mwingine, na simu yake ikawa haipatikani kila inapohusu mtoto. Nikasema nitamtunza mimi. Nina cherehani yangu sokoni Manika, nashona sare za shule, silali njaa.

Mama mkwe alinisindikiza mpaka langoni, akanishika mkono.

"Mama, bitu byako nitapokea. Lakini mutoto nitamwambia papa yake ndjo anatuma. Batu basiseme mu nyumba yetu mutoto anakulishwa na mwanamuke mwenye aliacha bwana yake."

Eti niliacha bwana! Bwana mwenyewe ndiye aliyehama. Nilitamani kumtukana mama yule, nami nikiamua kutukana natukana vizuri. Lakini lango lilikuwa lake. Ningekataa, ningefungiwa nje pamoja na unga wangu. Nikasema ndiyo, mama, asante.

Basi kila mwisho wa mwezi namlipa kijana wa pikipiki apeleke gunia la unga, samaki wakavu, sabuni. Vinaingia kwa mlango wa nyuma. Mtoto mwenyewe namwona Jumapili baada ya misa, shangazi yake akiwa amesimama karibu na masikio yote mawili wazi. Nilijipa moyo kwamba damu haipotei njia, kwamba siku moja atajua bila kuambiwa.

Mwaka huu nilimshonea sketi mpya ya bluu ya siku ya matokeo. Nikaacha upindo mpana, uje uteremshwe akirefuka, nikaituma kwa pikipiki pamoja na unga. Na ndani ya mfuko wake nilikuwa nimeweka kipande cha kitenge nilichombebea mgongoni alipokuwa mchanga. Huo ulikuwa ujanja wangu. Alikuwa akilala ameking'ang'ania kitenge kile, akikinyonya pembeni. Nilisema moyoni: mkono wake utaingia mfukoni na utanikumbuka.

Siku ya matokeo huku kwetu, mtoto aliyefaulu humwagiwa poda kichwani mpaka awe mweupe, mtaa mzima ujue. Nikafunga cherehani mapema, nikanunua kopo la poda, nikaenda shuleni. Mwalimu aliposoma jina lake kati ya waliofaulu, nilipiga kelele mpaka watu wakageuka.

Alinijia mbio uwanjani. Sketi ilimkaa vizuri kabisa. Nilipoinama kumkumbatia, niliona macho yake yanapita juu ya bega langu, yanatafuta getini.

"Papa alituma iyi jipe," akasema, akiivuta sketi pembeni nione. "Angalia mama, aliweka hata kitambaa muzuri mu poche! Koko anasema pengine atakuja leo."

Bibi yake, huyo koko, alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Alinitazama, kisha akatazama chini. Neno moja lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu. Ningelisema, furaha ya mtoto ingevunjika palepale mbele ya wenzake, na Jumapili ijayo nisingemwona. Nikalimeza. Liliniuma mpaka kifuani, na hadi leo linauma.

"Papa yako anakupenda," nikamwambia.

"Ndjo vile." Akaniangalia mikononi. "Na weye mama, uliniletea nini?"

Nikamwonyesha kopo. Akacheka, akainamisha kichwa, nami nikaanza kumwaga poda. Akashika sketi kwa mikono miwili, akaivuta nyuma.

"Kidogo tu, mama," akasema. "Itachafula jipe ya papa."