Harusi ya Ubaoni

Hamidi fundi cherehani alikuwa mtu wa kupima. Tepu yake ya kupimia haikutoka shingoni, hata msikitini alienda nayo, na ukisimama kuzungumza naye unaona macho yake yanakupima mabega. Maneno ndiyo aliyoyapima zaidi, na mengi aliyaona marefu akayaacha. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta pale mtaani Mbotela, nami ni mwanamke msemaji, sifichi. Kwa hiyo najua ninachosema: Hamidi alimpenda Zaitun na aliogopa kumwambia.

Zaitun alikuwa mjane, akiuza mahamri mlangoni pake. Alikuwa na gauni la kijani. Alilipeleka kwa Hamidi lipunguzwe kiuno. Halafu akalirudisha lipanuliwe. Halafu lipunguzwe tena. Kiuno chenyewe kilikuwa palepale, mtaa mzima tulikiona, lakini Hamidi alitia pini mdomoni, akapima upya, akasema, "Njoo Jumanne." Nilikasirika mpaka nikazoea.

Mwishoni mwa miaka ya sabini, watu wazima tulipohimizwa kusoma, darasa la Kiingereza lilifunguliwa ukumbi wa mtaa kila Jumamosi alasiri. Hamidi alijiunga kwa sababu karani mmoja alimuuliza kwa Kiingereza suruali yake itakuwa tayari lini, naye akajibu, "Tomorrow I finished," yaani kesho nilimaliza, karani akacheka mpaka akashika ukuta. Zaitun alijiunga kwa sababu Hamidi amejiunga. Mimi nilijiunga kwa sababu wale wawili wamejiunga na lazima mtu awaangalie.

Mwalimu wetu, Bwana Nalianya, alikuwa karani wa kanjo, yaani baraza la jiji, mtu mpole. Siku hiyo alitufundisha kusema mambo yaliyopita. Ukitaka kusema ulifua jana, unachukua "wash" unaitia mkia, inakuwa "washed". Kuna maneno yanayokataa mkia yakageuka sura nzima, "go" ikawa "went", na ukiuliza sababu unaambiwa ukariri. Niliona lugha hiyo haina adabu. Hamidi aliupenda ule mkia. Kwake ilikuwa kama kushona pindo, unakunja kidogo mwishoni na kazi imekwisha.

Ili tusisahau, Mwalimu aliandika mifano kwa majina yetu. "Yesterday Mgeni washed a shirt." Mgeni ni seremala wa soko la Gikomba na lile shati lake nilikuwa nalijua, kwa hiyo huo ulikuwa uongo mtupu. Kisha Mwalimu akatafuta mfano wa neno "marry", macho yake yakaangukia watu wawili waliokaa benchi moja wakiwa wameachiana nafasi ya mtu wa tatu. Akaandika kwa herufi kubwa: "Yesterday Hamidi married Zaitun." Yaani jana Hamidi alimwoa Zaitun. Hamidi akaangalia dari. Zaitun akahesabu maua ya kanga yake.

Sasa, ubao ule ndio kanjo walioutumia kutangaza maji yatakatwa lini, na kweli maji yalikatwa. Kilichoandikwa pale tulikiamini. Phelister, mke wa Owino wa reli, akapita dirishani na samaki wake. Anajua kusoma Kiingereza na hapendi nafasi hiyo impite. Akasoma, akashika kifua, akaondoka mbio.

Kesho yake asubuhi Phelister akawa mlangoni kwa Zaitun na bakuli la samaki.

"Mmeoana kimyakimya, kwani sisi majirani ni mawe?" akasema.

"Sijaolewa, mama. Ule ulikuwa mfano," akajibu Zaitun.

"Bibi harusi lazima aone haya," akasema Phelister, akaacha bakuli, akaenda.

Nyuma yake wakaja wengine. Chapati zikaingia, mukimo wa viazi na mahindi ukaingia, kuku akaingia. Kila aliyeambiwa hakuna harusi alitabasamu, akaacha chombo. Mpaka adhuhuri Zaitun hakuwa na mahali pa kukaa.

Hamidi akamwomba Mwalimu asahihishe mambo. Jumamosi iliyofuata Mwalimu akatufundisha kukanusha. Ukitia "did not", akasema, neno linavua mkia wake. Akaandika: "Hamidi did not marry Zaitun." Tukapumua. Tulikuwa tumemsahau Phelister, aliyekuwa dirishani na sukuma wiki.

Jioni hiyo wanawake walijaa barazani kwa Hamidi. Mmoja alichukua sketi yake ikiwa na upande mmoja. "Wiki moja tu umemkana mtoto wa watu," akamwambia. "Na kuku wangu nani amemla?" Hamidi alifungua mdomo, pini ikadondoka, akaufunga. Nilimwonea huruma na nilitamani kumpiga.

Zaitun alipokuja, alisimama kando mpaka wakaondoka. Uso wake haukuwa na mzaha.

"Fundi, mtaa unasema nimeachwa," akasema. "Sijaolewa na nimeshaachwa. Na vyombo vya watu vimejaa kwangu."

Hapo ndipo penye shida. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ikija na chakula, inarudi na chakula, hata kama aliyeileta umemkasirikia. Ukiirudisha tupu umemwambia ujirani umekwisha.

"Mchele nitanunua mimi," akasema Hamidi. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Jumapili wakapika pilau nyuma ya nyumba, kwenye sufuria kubwa ya kuazima. Zaitun alikaanga vitunguu, Hamidi alipepea moto kwa kipande cha kadibodi, mimi nilikaa karibu nikionja nyama. Harufu ya bizari ikatembea Mbotela nzima. Kabla sahani moja haijarudishwa, wenyewe wakaja, kila mtu na sahani nyingine. Phelister akaja na watoto wamevaa nguo za kanisani. Mzee Abdurahim, aliyekuwa akifungisha ndoa za mtaa, akaja na kanzu ya sherehe, akauliza mahari ni kiasi gani.

Zaitun aliweka mwiko chini.

"Hamidi, watu wananiuliza," akasema. "Niwajibu nini?"

Hamidi alishika tepu yake pande zote mbili. Kiswahili kikamkataa. Akajaribu kule alikofundishwa.

"Yesterday," akasema, "I wanted." Akaivuta tepu. "I wanted, I wanted, I wanted."

Zaitun alimwangalia. "Jana ulitaka. Na leo?"

"Leo zaidi," akasema Hamidi kwa Kiswahili safi.

Nililia ndani ya pilau yangu, na sioni aibu kusema.

Ndoa ilifungwa Ijumaa, baada ya swala. Zaitun alivaa gauni la kijani, nalo lilimkaa sawasawa, kama lilivyomkaa siku zote. Jumamosi alasiri darasa likajaa mpaka mlangoni. Mwalimu Nalianya, aliyekuwa sasa akiogopa mifano, akauliza kama kuna mtu mwenye sentensi yake mwenyewe. Zaitun akasimama, akatengeneza kanga yake.

"Yesterday," akasema polepole, "Hamidi married Zaitun."

"Sahihi kabisa," akasema Mwalimu.

Phelister alikuwa dirishani kama kawaida. "Mimi hiyo nilisoma kitambo," akasema, akaenda zake na samaki.